Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandaa bonanza la utimamu wa mwili kwa askari wa nchi rafiki, Nyanda za Juu Kusini

Vikosi vya nchi mbili au tatu vikishakaa kambi moja kwa siku chache, mashindano huanza yenyewe bila kuitwa na mtu. Jioni mmoja anajivuta kwenye mtambaa panya wa goli, mwingine mwenye bendera tofauti begani anamhesabia, kesho yake kuna kundi zima na kelele. Mkuu wa kikosi akiona hivyo humwita sajenti wa mazoezi: "Hebu tuandalie bonanza."

Mwongozo huu ni wa huyo sajenti, au ofisa michezo, au yeyote aliyebebeshwa jukumu hilo akiwa na wiki tatu hivi mkononi. Nimeuandika nikiwaza kambi za huku kwetu, kuanzia Iringa na Mafinga mpaka Njombe na Mbeya, ambako baridi, mwinuko na vilima huvuruga mahesabu ya mtu aliyezoea Dar es Salaam. Sehemu kubwa itakufaa hata ukiwa kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi.

Hatua ya 1: Changanya timu

Kama utachukua jambo moja tu humu, chukua hili. Ukipanga Tanzania dhidi ya Zambia dhidi ya Malawi, hilo si bonanza tena. Kila uamuzi wa refa unageuka suala la bendera. Mwenyeji akishinda ataambiwa alikuwa nyumbani, akishindwa vijana wake watanuna mpaka luteka, yaani mazoezi ya kijeshi ya pamoja, iishe, na ninyi bado mna wiki mbili za kulala mahema jirani na kwenda porini pamoja. Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, CISM, limekuwa likishindanisha nchi na nchi tangu 1948, na wito wake ni urafiki kupitia michezo. Lakini wao wana kanuni zilizochapwa, waamuzi waliosomea na kamati za rufaa. Wewe una filimbi na daftari.

Kwa hiyo timu ziwe mchanganyiko. Watu sita kwa timu: nchi zikiwa tatu, wawili kutoka kila moja, zikiwa mbili, watatu kwa watatu. Piga kura hadharani, majina yachomolewe kwenye kofia mbele ya wote, siku kumi kabla ya shindano ili timu zipate muda wa kufanya mazoezi pamoja. Anza na kofia ya wanawake, uwagawe sawasawa kwenye timu zote, ndipo uende kwenye kofia ya wanaume. Ukifanya kinyume chake utajikuta timu moja ina wanawake watatu na nyingine haina hata mmoja, na hesabu za pointi zitakusumbua siku nzima.

Majina ya timu yatoke kwenye ramani ya huku: Rungwe, Loleza, Kitulo, Kipengere, Udzungwa, Ruaha. Timu isiitwe jina la nchi wala la kikosi. Nahodha wachague wenyewe, na waambie wazi kwamba si lazima awe mwenye cheo kikubwa. Mara nyingi koplo anayejua kuwatuliza watu wakichoka anafaa kuliko kapteni anayetaka kushinda.

Tena eneo hili si geni kwa askari wa nchi nyingine. Mgagao, mkoani Iringa, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe miaka ya 1970, na uwanja wa mpira wa Iringa mjini unaitwa Samora. Mgeni kutoka Harare au Maputo huenda akakusimulia habari za huku ambazo wewe mwenyewe huzijui.

Hatua ya 2: Ruhusa na tarehe

Andika ukurasa mmoja tu: michezo gani, lini, wapi, watu wangapi, nani daktari wa siku hiyo. Wakuu wa vikosi vyote wausaini huo huo. Usikubali kila nchi iandike barua yake, maana zitatofautiana na utakuwa mtu wa kupatanisha karatasi. Kwenye ukurasa huo weka sharti kwamba zamu za lindo hazibadilishwi kwa ajili ya bonanza, na aliyekesha lindoni usiku wa kuamkia shindano hashindani. Anaweza kuwa mwamuzi au karani.

Kama una nafasi ya kuchagua tarehe, kwepa kipindi cha Novemba hadi Aprili. Mvua za huku hazina mzaha, na udongo mwekundu ukilowa unanata kwenye buti mpaka mguu mmoja unakuwa mzigo. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi ni kali. Makete na Kitulo huamkia sakitu, na hata Mbeya mjini alfajiri ya Julai inamtetemesha mtu wa pwani kabla hajavua koti. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Septemba ndiyo tarehe ningezipigania. Kumbuka pia kwamba Julai jua la Mbeya huchomoza karibu saa moja, kwa hiyo ile tabia ya kuanza saa kumi na mbili kamili itawaweka watu gizani wakitafuta mistari ya uwanja kwa tochi.

Hatua ya 3: Heshimu mwinuko

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Iringa ni kama 1,550, Njombe inakaribia 2,000. Kuanzia mita 1,500 hivi, mtu aliyetoka pwani huanza kuisikia hewa ikipungua kwenye kila kazi inayozidi dakika chache. Pushapu zake hazibadiliki sana, bali mbio na matembezi ya mzigo ndivyo vitakavyomshangaza. Atadhani ameishiwa nguvu ghafla, ataongeza bidii, na hapo ndipo watu huanguka.

Kwa hiyo siku tatu za kwanza baada ya kufika ziwe za mazoezi mepesi, na shindano lisifanyike kabla ya wiki moja kupita. Wiki mbili ni bora zaidi. Hii inawahusu Watanzania pia. Kikosi kilichotoka Dar au Tanga ni kigeni huku sawa na kilichotoka Beira. Muda wa mtu aliokimbia Mbeya usilinganishwe na aliokimbia Lugalo, Dar, na mwambie hivyo mapema kabla hajakata tamaa.

Kuna kishawishi cha kuweka mchezo mlimani. Kilele cha Mbeya, kinachozidi mita 2,800, kinawatazama kila asubuhi, na lazima atatokea ofisa mmoja kijana atakayesema tukimbilie kule. Mpeleke siku nyingine, kwa matembezi ya kawaida, na chupa ya chai.

Hatua ya 4: Michezo mitano, na kamba

Majeshi mengine yameshafanya kazi ya kufikiri, wewe unaazima. Wadenmark wana matembezi yao ya misheni, DANCON, ya kilomita 25 na mzigo wa kilo 10, yaliyoanza Cyprus mwaka 1972 na mpaka leo askari wa nchi nyingine hualikwa. Wanorwe wana ya kilomita 30 na kilo 11. Wajerumani wana beji yao ya utimamu, ambayo kwenye kambi za mataifa mengi hugombewa kama peremende: mbio fupi za kwenda na kurudi, kuning'inia, mita 1,000, kuogelea na matembezi ya kilo 15. Vyote ni vizuri, ila vingi havitufai jinsi vilivyo. Bwawa hatuna, na kilomita 30 kwenye vilima hivi zitawaharibia watu wiki nzima ya luteka. Orodha yangu ni hii.

*Pushapu za kuachia mikono, dakika mbili.* Kifua kinagusa chini, viganja vinanyanyuliwa kutoka ardhini, kisha unajisukuma juu mwili ukiwa umenyooka. Jeshi la Marekani lilizitumia hizi kwenye kipimo chake kilichoanza rasmi 2022. Ninazipenda kwa sababu moja tu: zinamaliza ubishi. Viganja vimenyanyuka au havikunyanyuka, kila mtu anaona. Pushapu za kawaida zina ugonjwa wa "nilishuka vya kutosha, afande," na ugonjwa huo hauna dawa.

*Kujivuta.* Mikono inyooke kabisa chini, kidevu kipite juu ya bomba, miguu isirushwe. Asiyeweza kujivuta aning'inie kidevu kikiwa juu ya bomba. Kila sekunde tano zihesabiwe sawa na kujivuta mara moja, mwisho sekunde sitini. Bomba lisizunguke, na lifutwe umande kabla. Chuma cha asubuhi huku kinaunguza viganja kwa baridi, kwa hiyo mchezo huu usiwe wa kwanza.

*Mzunguko wa madumu.* Hapa ndipo watazamaji hujaa. Weka mistari miwili yenye umbali wa mita 25. Mshindani anakwenda na kurudi mara tano: mara ya kwanza anakimbia, ya pili anaburuta tairi kwa kamba, ya tatu anakwenda ubavu ubavu, ya nne anabeba madumu mawili, ya tano anakimbia tena. Jumla mita 250, na mapafu yatakuwa yanawaka. Tairi chakavu la lori utalipata kwa bei ya maelewano kwa mafundi wa barabara ya Tunduma. Lipime kwenye mizani kwanza, maana yanatofautiana sana, na ukipata jepesi ongeza mchanga ndani mpaka kilo 40.

Madumu ndiyo yenye kazi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ukilitia lita 17 unapata karibu kilo 18 pamoja na uzito wa dumu lenyewe. Weka kipande cha mfuko wa nailoni mdomoni kabla ya kukaza mfuniko, kama tunavyofanya nyumbani, vinginevyo kufikia mshindani wa tatu dumu limeshapungua na anayefuata amebebeshwa zawadi. Mshikio wa plastiki hukata vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Chukua tyubu ya baiskeli iliyochakaa, ikate vipande, uvizungushie mshikio na ufunge kwa waya, ncha za waya zikitazama nje. Karani apime madumu upya kila baada ya timu mbili. Mwenye hasira ya kushindwa huanza kwa kulaumu dumu.

*Machela.* Timu nzima, watu wanne wanabeba, wawili wanakimbia pembeni na kupokea, mita 800 kuzunguka uwanja. Juu ya machela weka magunia ya mchanga ya jumla ya kilo 80, yafungwe mikanda. Usimlaze mtu; akidondoka kutoka urefu wa bega bonanza limekwisha. Kubadilishana mikono kufanyike bila machela kugusa chini, ikigusa ni sekunde kumi za adhabu. Mchezo huu hauna nguvu nyingi kama watu wanavyodhani. Unashindwa kwenye kuinua: huyu anainua kwenye "mbili", yule anangoja "tatu", machela inalala upande. Timu zikubaliane neno moja la kuinulia tangu siku ya kwanza ya mazoezi, liwe la Kiswahili, Kichewa au Kireno, lolote.

Na tafadhali, gunia liwe la kipimo. Huku kwenye viazi watu wamezoea lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na ukimtuma kijana ajaze magunia bila kumwekea mizani atakuletea lumbesa.

*Matembezi ya mzigo.* Kilomita 12, kilo 10 mgongoni, maji ya kunywa hayahesabiwi. Mchanga ufungwe kwenye nailoni mbili, upimwe kwenye mizani kabla na baada. Saa isimame mtu wa mwisho wa timu anapovuka mstari. Kanuni hii moja ndiyo inayolifanya shindano liwe la kirafiki kweli. Utawaona wenye nguvu wanarudi nyuma kuchukua mkono wa mwenzao, utasikia Mzambia akimwimbia Mtanzania wimbo wa michakamchaka aliojifunza juzi. Ukipima mtu wa kwanza, utawaona wanaachana kwenye kilima cha kwanza.

Weka pia ukomo wa kasi: timu itakayofika chini ya saa 1 na dakika 40 inahesabiwa imefika kwa saa 1:40, na zikiwa zaidi ya moja zinapata pointi sawa. Lengo ni kuzuia kukimbia na mzigo kwenye mteremko, kitu kinachokula magoti na vifundo vya miguu kuliko mchezo mwingine wowote humu. Kwa kupimia, Wajerumani huitoa dhahabu ya beji yao kwa kilomita 12 ndani ya saa mbili, ila mzigo wao ni kilo 15.

Njia isiguse barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Malori ya mafuta na ya shaba hayatapunguza mwendo kwa sababu ya bonanza. Tumia njia za ndani ya eneo la jeshi au za mashambani. Ukiwa Mafinga, barabara za msituni Sao Hill ni nzuri mno, udongo laini na kivuli cha misonobari, lakini omba ruhusa mapema kwa wahifadhi wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na hakuna sigara njia nzima. Kiangazi msitu ule hauhitaji zaidi ya kishungi kimoja.

*Kuvuta kamba* iwe ya kufungia siku, kwa nusu ya pointi. Kamba iwe nene, ya katani, isiwe ya nailoni inayovutika. Ikikatika inarudi kwa kishindo. Mtu asijizungushie mkononi wala kiunoni. Taipei mwaka 1997 kamba ilikatika kwenye mchezo kama huu na wanaume wawili walipoteza mikono. Waeleze washindani hivyo hivyo, bila kupunguza.

Silaha zisiwepo kabisa, hata zile bandia za kurusha. Vikosi vina taratibu tofauti za usalama na siku ya furaha si siku ya kuzilinganisha.

Hatua ya 5: Waamuzi

Bonanza nyingi huharibikia hapa. Mwamuzi mmoja kwa kila mshindani kwenye pushapu na kujivuta, na mwamuzi asitoke nchi ya anayemhesabia. Wakusanye siku mbili kabla, wahesabiane wenyewe kwa wenyewe, mpaka wote wakubaliane rudio lipi ni zuri na lipi halihesabiki. Usiwape karatasi ya kanuni ukaondoka. Kuona ndiko kunakofundisha.

Kuhesabu kuwe kwa sauti, kwa Kiswahili. Wageni wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, hawatashangaa, kwani tangu 2019 ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo, na namba mpaka hamsini mtu anazishika kwa siku mbili. Rudio likiwa bovu, mwamuzi hasemi sana, anairudia namba ile ile na kutaja kosa kwa neno moja: "Kumi na mbili... kumi na mbili, kifua!" Hata asiyejua Kiswahili anaelewa kwamba namba imegoma kupanda.

Kuna suala la vyeo. Washindani wavae fulana zenye namba, bila vyeo. Hata hivyo kila mtu atajua nani ni nani. Itatokea koplo wa miaka ishirini na tatu amepiga magoti pembeni ya kapteni mgeni, anamwona hanyanyui viganja.

"Ishirini na nane... ishirini na nane, mikono, afande!"

Kapteni atageuza shingo amtazame. Koplo asirudi nyuma, na wewe usiwe mbali. Ndiyo maana siku ya kuwafundisha waamuzi mwalike ofisa mwandamizi mmoja kutoka kila nchi aseme mbele ya wote kwamba uwanjani neno la mwamuzi ndilo la mwisho. Neno hilo likitoka kinywani mwa kanali lina uzito ambao wewe sajenti huna. Rufaa iwe moja tu, inapelekwa na nahodha, ndani ya dakika tano, na inaamuliwa na watu watatu kutoka nchi tofauti.

Kwenye muda, weka saa mbili kwa kila timu na uandike wastani. Kwenye mstari wa mwisho weka simu juu ya kigoda au stendi, ubavuni mwa mstari kabisa, ikirekodi mfululizo. Alphonce Simbu, ambaye naye ni askari wa JWTZ, aliipatia Tanzania dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani Amanal Petros, wote wakiandikiwa 2:09:48. Baada ya kilomita 42! Kama macho ya binadamu yangeachiwa kazi ile peke yake, mpaka leo tungekuwa tunabishana.

Hatua ya 6: Pointi

Hii ni rahisi. Timu zikiwa nane, wa kwanza kwenye mchezo anapata 8, wa pili 7, mpaka wa mwisho 1. Kwenye pushapu na kujivuta jumlisha marudio ya wote sita, kwenye mzunguko wa madumu jumlisha muda wao. Mfano, Loleza wakiwa wa pili kwenye pushapu, wa tano kujivuta, wa kwanza madumu, wa tatu machela na wa nne matembezi, wana 7+4+8+6+5, yaani 30. Wakishinda kamba wanaongezewa 4, jumla 34. Zikilingana, angalia matembezi. Andika kwenye ubao mkubwa kwa chaki, mahali kila mtu anapopita. Matokeo yanayokaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja huzaa maneno.

Hatua ya 7: Tabibu na hatari zake

Daktari au tabibu awe na mamlaka ya kumtoa mtu bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Liandike hilo kwenye ule ukurasa uliosainiwa.

Siku moja kabla, kila mshindani aulizwe faragha: umepata homa au malaria wiki mbili hizi? Unaumwa kifua? Una vinasaba vya selimundu, au kwenu yupo mwenye selimundu? Mbeba vinasaba anaweza kuwa askari imara miaka yote, lakini juhudi ya kupita kiasi, hasa penye mwinuko, inaweza kumwangusha ghafla. Hazuiwi kushiriki, anapewa nafasi ya kupumzika na anaangaliwa. Akilalamika miguu kumwishia nguvu na kuuma, asiambiwe "kaza". Akae chini, apewe oksijeni kama ipo, apelekwe.

Cha pili ni misuli kuvunjika. Mtu ambaye hakuzoea akipiga pushapu na kujivuta kwa mamia, misuli huachia vitu kwenye damu vinavyoweza kuua figo. Dalili yake ni maumivu na uvimbe usio wa kawaida, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, siku moja hadi tatu baadaye. Ndiyo sababu nimeweka dakika mbili, si "mpaka ushindwe", na ndiyo sababu timu zinahitaji siku kumi za kujiandaa.

Maji: wanywe wakisikia kiu, wasilazimishwe. Kisizidi kama lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi mno hushusha chumvi ya damu na dalili zake hufanana na za kuishiwa maji. Watu hudhani huku kwa sababu kuna baridi hakuna kiharusi cha joto. Kipo. Saa tano jua la mwinuko ni kali, mtu kavaa kombati na ana mzigo. Ukiona anaongea ovyo au anayumba, mvue, mmwagie maji, mpepee, na umpoze hapo hapo kabla ya kumpakia kwenye gari. Upande wa pili, aliyemaliza akiwa amelowa jasho asiachwe kwenye upepo. Weka mablanketi kwenye mstari wa mwisho.

Dereva wa ambulansi aendeshe njia ya kwenda hospitali siku moja kabla, saa ile ile. Kwa Mbeya, kama mko upande wa Uyole, foleni ya Mwanjelwa na Kabwe inaweza kula nusu saa kabla hujaifikia Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Hatua ya 8: Ratiba

Matembezi yafanyike Alhamisi asubuhi, peke yake, kuanzia saa 1:30. Ijumaa watu wapumzike. Michezo mingine iwe Jumamosi. Ukiyabandika matembezi mwisho wa siku ile ile, miguu iliyochoka ndiyo inayoteguka.

Jumamosi: saa 12:30 uji na mkate, kwa wanaotaka. Saa 1:15 gwaride fupi, na liwe fupi kweli. Hotuba ya dakika ishirini kwenye baridi inapoza misuli ya watu wote. Baadaye michakamchaka ya robo saa, kila nchi ikitoa mwimbishaji wake. Saa 1:45 pushapu, timu nne zikishindana na nne zikingoja, kisha kujivuta. Saa 3:15 madumu. Saa 4:15 machela. Kamba saa 5:15, na saa 6 watu wawe kwenye chakula.

Picha zipigwe na mtu mmoja aliyeruhusiwa, zikitazama uwanja tu. Mahema, magari na antena visionekane. Simu za wengine zikae mahemani mpaka jioni.

Hatua ya 9: Chakula na zawadi

Wamalawi na Wazambia wanakula nsima na nshima, ambayo ni ugali ule ule, kwa hiyo hapo huna kesi. Uliza mapema kuhusu nyama ya halali, na mchinjaji awe Mwislamu, utawatosheleza wote. Maharage yaanze kuchemka mapema: huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mpishi aliyetoka pwani akitumia saa za kwao mtakula vijiwe. Mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu na maparachichi vitajisemea. Komoni na ulanzi, pombe za huku, visubiri jioni, baada ya tabibu kupita.

Zawadi zisiwe za fedha. Pakiti za chai ya Rungwe au Mufindi, au kitenge kwa kila mmoja wa timu ya kwanza, vinatosha. Toa na zawadi moja kwa mwamuzi bora, ipigiwe kura na manahodha.

Hatua ya 10: Siku mbili zinazofuata

Jumapili na Jumatatu asubuhi tabibu azunguke mahema yote, ya wenyeji na ya wageni, na aulize kila mshindani maswali mawili: mkojo una rangi gani, na kuna kiungo kilichovimba? Askari hawaji wenyewe kusema, hasa wakiwa mbele ya wageni.

Malengelenge yasipasuliwe kwa sindano ya kushonea. Madumu yamwagwe na kurudishwa jikoni kabla mpishi hajaja kuyauliza, tairi lirudi kwa fundi, na nakala ya matokeo iende kwa kila kikosi ikiwa na majina ya wachezaji wote wa timu zote nane. Ukurasa wa kanuni uliosainiwa uhifadhi na uandike pembeni, kwa kalamu, kila kifungu kilichobishaniwa. Kikosi kijacho kitakuja kukuuliza.